Utafiti wa Kibera na Fedha za Ughaibuni

Amri iliyotiwa saini Washington tarehe 20 Januari 2025, ya kusimamisha misaada ya Marekani kwa mataifa ya nje, iliwazindua Wakenya wengi wakaanza kuuliza jambo ambalo wakazi wa Kibera, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, walistahiki kuliuliza zamani: ni nani hasa agharimiaye elimu tuipatayo juu ya maradhi yetu wenyewe?

Asili ya jambo hili ni ya zamani: Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ikiendesha tafiti kubwa, ilipovunjika mwaka 1977, Bunge lilipitisha Sheria ya Sayansi na Teknolojia mwaka uo huo, na mwaka 1979 ikazaliwa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, ambayo makao yake kando ya barabara ya Mbagathi, mwendo mfupi kutoka Kibera, yalijengwa kwa msaada wa Japani.

Tangu katikati ya miaka ya 2000, KEMRI kwa ushirika na CDC, idara ya Marekani ya kudhibiti maradhi, ilikuwa ikipeleka watu wake katika vijiji vya Gatwekera na Soweto humo Kibera, wakipiga hodi nyumba kwa nyumba kila baada ya majuma mawili na kuuliza ni nani aliyeshikwa na homa, nani akohoaye, nani aharishaye. Na mgonjwa alitibiwa bure katika Zahanati ya Tabitha, na damu yake, ikihitajika, ikapelekwa maabara kuoteshwa vijidudu. Hesabu ilipochapishwa mwaka 2012, ilidhihirika kwamba homa ya matumbo iliyothibitishwa ilifikia wagonjwa 247 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka katika Kibera, ilhali kule Lwak, mashambani Siaya, ni 29 tu. Kazi hii ni fahari kubwa ya sayansi yetu, na ni aibu ya Hazina yetu, kwa kuwa mwaka 2010 karibu nusu ya fedha za utafiti nchini zilitoka nje.

Sheria ya mwaka 2013 iliunda Mfuko wa Taifa wa Utafiti na kuuahidi asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka, kiasi ambacho kwa pato la 2023 ni takriban shilingi bilioni 300, nao Mfuko haujapata hata kukikaribia. Mtafiti atakaye kuingia Kawangware, mtaa mwingine wa mabanda wa Nairobi, huomba kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, ambayo ofisi zake ziko Kabete, si mbali na hapo, naye hukilipia ada. Fedha za kazi yenyewe aghalabu huzitafuta kwa wahisani wa ng'ambo.

Julai 2025 watoto wa miezi 9 hadi miaka 14 walianza kupewa chanjo ya homa ya matumbo nchi nzima, nayo pia ilikuja kwa auni ya Gavi, shirika la kimataifa la chanjo.