Kutoka Tanga hadi Wood Lane: Kiswahili chetu tulikipata wapi?

Kama umewahi kufika Stanmore usiku wa Muharram, hali yenyewe unaijua. Unashuka kituo cha mwisho cha Jubilee line, unapanda kilima mpaka Wood Lane, na pale juu magari yamejaa, vijana wa kujitolea wamevaa fulana za kung'aa wanaelekeza nani aegeshe wapi. Ndani watu wamevaa nyeusi. Majlisi ikiisha, majamvi ya plastiki yanatandikwa, masinia yanashuka, mnakula watu wanne wanne kutoka sinia moja.

Lakini mimi nataka uingie jikoni. Jikoni utasikia Kikachi na Kiingereza, na katikati yake: "Lete sufuria!" "Mwiko uko wapi?" "Nipe bakuli." "Fagio, fagio, mtu atateleza hapa!" Anayesema hivyo ni mhasibu mwenye miaka 28, amezaliwa hapa hapa London, hajawahi kuishi Afrika hata wiki mbili. Mwulize sufuria kwa Kikachi ni nini, atakwambia ni sufuria.

Baada ya kipindi chetu cha mwezi uliopita tulipata ujumbe wa sauti kutoka kwa dada mmoja wa Kikenya aliyekulia Luton. Alitusifu kwanza, halafu akauliza: "Sasa kaka, mbona Kiswahili chenu nyie Wahindi ni cha amri tu? Lete, weka, funga, fagia. Mlijifunza kwa nani?" Mwenzangu alicheka. Mimi sikucheka sana. Nimeandika hii kumjibu, na nimechukua muda.

Tuanze mbali kidogo. Sisi tunaokutana Wood Lane wengi wetu ni Wakhoja Ithnaasheri, na mashina yetu ni Kutch na Kathiawar, upande wa magharibi wa India. Barabara hiyo hiyo ina hekalu la Swaminarayan, na wengi wa waumini wake ni Wapatel wa Kutch ambao familia zao zilipitia Kenya. Yaani watu wa pwani moja ya India walivuka bahari, wakaishi Afrika Mashariki vizazi vitatu au vinne, kisha wakakutana tena juu ya kilima kaskazini mwa London, hawa wakisherehekea Diwali, sisi tukiomboleza Karbala. Madereva wa teksi wa Stanmore wanaijua kalenda zetu zote mbili.

Hapa kuna hadithi moja naomba tuiache. Karibu kila familia inasema, "Babu zetu walikuja kujenga reli." Hapana. Reli ya Uganda ilijengwa kati ya 1896 na 1901, na vibarua karibu 32,000 waliletwa kutoka India. Wengi walikuwa Wapunjabi, karibu 2,500 walikufa, na wengi waliobaki hai walirudi kwao. Waliobaki Afrika ni kama 6,700. Wafanyabiashara wa Kigujarati na Kikachi walikuwa Zanzibar zamani kabla ya reli. Jairam Shivji alikuwa akisimamia ushuru wa forodha wa Sultani Seyyid Said katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Baada yake alikuja Tharia Topan, Mkhoja kutoka Kutch, ambaye jengo lake la hospitali lenye roshani za mbao bado linapigwa picha na kila mtalii anayepita Forodhani.

Hadithi ya reli inapendeza kwa sababu inatufanya wafanyakazi, watu wa jasho. Hadithi ya forodha ni ngumu zaidi kuisimulia mezani. Tharia Topan ndiye aliyemkopesha Tippu Tip mtaji wa misafara yake, na misafara ile ilirudi na pembe za ndovu na watu. Huyo huyo alijenga hospitali. Sikusudii kumhukumu mtu aliyekufa 1891, ila ukinunua postikadi ya lile jengo, jua pesa zilitoka wapi.

Lugha nayo ilivuka pande zote mbili. Gari, bima, pesa: hayo maneno Kiswahili kiliyapata kutoka India. Sisi tukachukua sufuria, kisu, fagio, na muhogo tukaufanya "mogo", ambao leo unauzwa Ealing Road kule Wembley umekaangwa na pilipili, na Mwingereza anaagiza "chilli mogo" bila kujua anasema Kiswahili.

Lakini angalia tulichukua nini. Vyombo na vyakula. Tulichukua jiko zima. Je, tulichukua "shikamoo"? Tulichukua "pole"? Hapo ndipo swali la dada wa Luton linapouma.

Chini ya Waingereza, jamii iligawanywa kwa ngazi: Mzungu juu, Mwafrika chini, Mhindi katikati na duka lake. Kila rangi na shule yake, hospitali yake, mtaa wake. Mahali ambapo Mhindi na Mwafrika walikutana kila siku palikuwa mawili tu, kwenye kaunta ya duka na jikoni. Dukani Mhindi alilazimika kujua lugha vizuri, kwa sababu mteja asiyeelewana nawe huenda duka la jirani. Nyumbani hakulazimika. Wazungu wa Kenya walikuwa na Kisetla chao, na sisi tulikuwa na chetu: kitenzi kimoja, jina la kitu kimoja, sauti juu. Wazanzibari watakataa, na wana haki. Mji Mkongwe Mkhoja na Mswahili waligawana ukuta mmoja, watoto walicheza kichochoro kimoja, na wazee wa Kizanzibari hapa Stanmore wanaongea Kiswahili ambacho mimi nakionea wivu. Bara ilikuwa mambo mengine. Familia yetu ni ya Tanga, tuko hapo katikati.

Kulikuwa na waliojaribu kuvunja huo ukuta. Mwaka 1959 Sayyid Saeed Akhtar Rizvi alifika Lindi kutoka India kuwa mwalimu wa dini wa jumuiya ya Wakhoja. Akajifunza Kiswahili, na akawauliza wenyeji wake swali gumu: mmeishi hapa karibu miaka mia, mbona jirani zenu Waafrika hawawajui dini yenu wala nyinyi hamwajui wao? Katika miaka ya 1960 ikaanzishwa Bilal Muslim Mission, iliyopewa jina la Bilal, Mwafrika aliyekuwa mwadhini wa Mtume. Wakachapisha jarida la Kiswahili, Sauti ya Bilal, wakafungua madrasa. Mzee alifariki Dar es Salaam mwaka 2002. Wapo wanaosema Bilal ilikuwa hisani ya tajiri kwa maskini tu, na kuna siku nakubaliana nao. Lakini mtu aliyeingia Tanzania akiwa mtu mzima alijifunza lugha ya watu ndani ya miaka michache, na familia zilizokaa pale vizazi vitatu zilikuwa bado kwenye "lete sufuria".

Sehemu ya kuondoka mnaijua, nitaipita haraka. Kenya ilitoa miaka miwili baada ya uhuru watu waombe uraia, wengi wetu hawakuomba, na 1967 zikaja sheria za vibali vya kazi na biashara. Watu wakakimbilia London na pasipoti zao za Kiingereza. Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuwazuia kwa siku chache tu, ikaanza kazi tarehe 1 Machi 1968, na ikawekwa idadi: vibali 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa familia. Uganda, Agosti 1972, Amin alitoa siku 90; karibu watu 28,000 wakaletwa Uingereza. Tanzania hakukuwa na kufukuzwa. Kulikuwa na sheria ya mwaka 1971 ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, na wenye majengo hayo wengi walikuwa Wahindi. Babu alikuwa na moja Tanga: duka chini, sisi katikati, wapangaji juu. Baba alifika London 1974, akiwa na miaka 19.

Kinachonivutia mimi ni kilichotokea walipofika. Watu waliozoea kusema "lete" ghafla wakawa wao ndio wanaoletewa amri. Chukua Jubilee line kutoka Stanmore kwenda mjini, pitia Wembley Park na Neasden, utafika Dollis Hill. Mwaka 1976 tawi hili lilikuwa bado sehemu ya Bakerloo, jina la Jubilee lilikuja 1979. Karibu na kituo hicho ndipo kilipokuwa kiwanda cha Grunwick, waliosafisha picha zilizotumwa kwa posta. Wafanyakazi wengi walikuwa wanawake wa Kihindi kutoka Afrika Mashariki, mishahara midogo, na kazi ya ziada ya lazima ambayo unaambiwa jioni wakati umeshavaa koti. Agosti 1976 Jayaben Desai, mama mfupi mwenye sari na mkoba, aliyewahi kuishi Tanzania, alikataa na akatoka nje. Mgomo ulidumu karibu miaka miwili, maelfu ya wafanyakazi wa Kiingereza wakaja kuwaunga mkono, na mwishowe, Julai 1978, waligomoka bila kushinda. Mama Jayaben alifariki 2010.

Shangazi yangu alifanya kazi kiwanda kingine cha upande huo huo miaka hiyo. Nilimwuliza, shangazi, mlipokuwa mnaamrishwa vile mliwakumbuka watumishi wa Tanga? Alinyamaza muda, akasema, "Tuliwakumbuka kwa sababu tulikuwa tunafua wenyewe." Sijui kama hilo ni jibu au kukwepa. Nimeliandika kama alivyolisema.

Mwaka 1976 huo huo Wakhoja walianzisha shirikisho la dunia, rais wake wa kwanza akiwa Mulla Asgharali Jaffer kutoka Mombasa, na makao yake yakaja kuwa Stanmore. Baba anakumbuka miaka ya mwanzo majlisi zikisomwa kwenye kumbi za kukodi zenye harufu ya bia ya jana, wanaume wakipiga deki kabla ya kutandika. Kwa hiyo wale wanaolalamika kwamba foleni ya maegesho Wood Lane ni ndefu, wasilalamike mbele ya baba.

Sasa nije kwa Dadima, bibi mzaa baba. Ana miaka 91. Kumbukumbu inamtoka, na imetoka kwa utaratibu wake wa ajabu: Kiingereza kilitangulia kuondoka, Kikachi kinafuata, Kiswahili kimebaki. Anayekuja kumhudumia asubuhi ni dada wa Kitanzania, na siku ya kwanza tulifurahi sana, tukasema Mungu katuletea. Dadima akamtazama juu mpaka chini akasema, "Wewe, yaya, lete chai."

Nilitaka ardhi ipasuke. Yule dada akacheka. "Naleta bibi. Shikamoo kwanza."

Dadima hakujua aitikie nini. Miaka yote ya Tanga, na "marahaba" haikuwemo. Ikabidi dada amfundishe, na sasa kila asubuhi wanafanya hivyo: shikamoo, marahaba, halafu chai. Siku nyingine Dadima anasahau na siku nyingine anawahi kuitikia kabla hajasalimiwa.

Jina hilo "yaya" ndilo lililotufanya tutoe boksi la picha. Ipo moja ya 1969, mbele ya duka. Watu saba. Nyuma babu aliandika majina kwa Kigujarati, kutoka kushoto kwenda kulia, kwa mwandiko mzuri sana. Majina sita. Wa saba ni mwanamke mwenye kanga, amembeba ami yangu mdogo, na mtoto amemshika sikio. Baba anasema huyo ndiye aliyemfundisha kuongea, na kwamba neno lake la kwanza maishani lilikuwa la Kiswahili, "maji". Nikamwuliza jina lake. Baba akafikiri. "Yaya. Tulimwita yaya."

Tulimwuliza Dadima pia. "Jina lake yaya," akasema, kama mtu anayeshangaa swali.

Baba alimpigia binamu yake aliyebaki Tanga. Wiki nzima yule mzee aliulizia barazani. Alirudi na mambo mawili. La kwanza, yule mama alikuwa mtu wa upande wa Muheza. La pili, baba hakuwa akilijua: yaya alikuwa na chumba uani, nyuma ya duka, alikaa humo miaka 11. Jengo lilipotwaliwa 1971, chumba nacho kilikwenda. Familia ilihamia kwa ndugu na yeye alifunga mzigo wake siku ile ile, na hakuna aliyemwuliza anakwenda wapi.

Dada wa Luton, ulituuliza tulijifunza kwa nani. Picha nimeiweka hapa chini, yeye ni wa mwisho kulia. Kama una ndugu Muheza, waonyeshe.