Mfumo Endeshi wa Kompyuta Ndogo na Istilahi Zake: Mazingatio kutoka Pwani ya Tanga

Mwananchi wa Tanga, Muheza au Pangani anunuapo kompyuta ndogo ya mpakato, aghalabu huuliza kwanza bei, kisha uhai wa betri. Mfumo endeshi, yaani programu mama inayoamsha mashine na kuziongoza programu nyingine zote, huulizwa mwisho, au hauulizwi kabisa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba uchaguzi wa mfumo huo una historia, na kwamba anayeuchagua huchagua pia lugha atakayosemeshwa na mashine yake.

Hapana budi kuanza na herufi. Katika karne ya 19, wenyeji wa Mrima waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy wa Tanga alitumia herufi hizo kuandika utenzi wake juu ya vita vya Wadachi. Katika miaka ya 1890 Wajerumani walianzisha shule ya serikali mjini Tanga, ambako vijana walifundishwa herufi za Kirumi. Mwaka 1904 gazeti la Kiongozi likaanza kuchapwa huko huko Tanga kwa herufi hizo. Baadaye mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikasimamia tahajia moja.

Matokeo ya uamuzi huo yanaonekana katika kompyuta ya leo. Tahajia yetu haina herufi zenye alama juu wala chini. Hata ng' huandikwa kwa ritifaa tu. Kwa hiyo hakuna mfumo endeshi unaoshindwa kuandika Kiswahili. Tatizo lililobaki si mtumiaji kuiandikia mashine Kiswahili, bali mashine kumjibu kwa Kiswahili.

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka miwili baadaye, mwaka 1967, Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria. Lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na marufuku hiyo ikalegezwa polepole tu. Hivyo, katika miaka ambayo kazi ya kuunda istilahi ilipamba moto, mashine yenyewe ilikuwa adimu. Wataalamu walipendekeza ngamizi, wengine tarakilishi. Watumiaji, walipoipata mashine mikononi, wakasema kompyuta. Neno mpakato limebahatika zaidi, kwa kuwa mzizi wake unajulikana kila nyumba: mama humpakata mtoto mapajani, na mashine hii nayo hupakatwa.

Mwaka 2004 ulileta mabadiliko. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Mwaka huohuo kampuni ya Microsoft ilitangaza mpango wa kuleta Kiswahili katika programu zake, na matoleo yakafuata baadaye. Kazi zote mbili zastahili sifa. Hata hivyo, zilifanywa katika nyumba mbili. Tafsiri ya Windows ilikuwa kama vazi la juu: ilifunika maneno yaonekanayo mara kwa mara, na mtumiaji aliyeingia ndani zaidi alikutana tena na Kiingereza.

Swali la mfumo wa kompyuta ndogo lilijitokeza waziwazi mwaka 2007, kampuni ya Asus ya Taiwan ilipotoa Eee PC. Toleo lake lililojulikana zaidi lilikuwa na kioo cha inchi 7, kumbukumbu ya megabaiti 512 na hifadhi ya gigabaiti 4. Windows Vista, iliyotoka mwaka huo, ilihitaji nafasi tupu ya gigabaiti 15. Kibaba hakiwezi kubeba pishi. Kwa hiyo Eee PC ilianza na Linux. Microsoft ikajibu kwa kuendelea kuuza Windows XP, ya mwaka 2001, kwa ajili ya mashine ndogo hadi mwaka 2010.

Kwa mtu wa pwani yetu, Linux ilikuwa bure kwa bei lakini si bure kwa njia ya kuipata. Kabla ya mkonge wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwezi Julai 2009, kupakua mfumo mzima kwa intaneti ilikuwa kazi ya siku nyingi. Waandalizi wa Ubuntu walituma sahani za bure kwa posta kwa yeyote aliyeziomba, hadi mwaka 2011. Lakini sahani haimfundishi mtu. Mnunuzi hufuata mfumo anaoujua fundi wa mtaani kwake, na fundi hufuata ule aliojifunzia.

Suala hili limerudi upya. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 yadai kumbukumbu ya gigabaiti 4 na hifadhi ya gigabaiti 64, pamoja na kifaa cha usalama ambacho mashine nyingi za zamani hazina. Mwenye kompyuta ndogo ya mtumba ana njia tatu: kubaki na mfumo usiolindwa, kununua mashine nyingine, au kuweka Linux nyepesi. Njia ya tatu ndiyo nafuu kwa mfuko, ila tafsiri za Kiswahili ndani yake hazijakamilika.

Hapo ndipo penye kazi yetu. Linux huruhusu yeyote kuitafsiri. Haihitaji kibali cha kampuni. Yapasa vyombo vya lugha, vyuo na walimu wa Tanga na kwingineko waandae orodha moja ya istilahi, iwe wazi kwa watafsiri wote, na ijaribiwe na wanafunzi wenyewe kabla ya kusanifishwa. Folda au kabrasha, faili au jalada: mtoto asikute jina jipya kila abadilishapo mashine. Istilahi iliyobaki kitabuni haimsaidii mwanafunzi ambaye kioo chake kinamsemesha kwa lugha nyingine.