Ziwa Lililokatwa Vipande Vitatu Tabora

Umbo katika mchoro wa vekta hushikiliwa na nukta, kila moja na mahali pake. Kulibadili ukubwa ni kuzidisha vipimo vya nukta zote kwa namba moja. Kulibadili sura ni kusogeza, kuongeza au kuondoa nukta. Kazi zote mbili zilifanywa kwa kalamu juu ya maziwa ya Afrika Mashariki miongo mingi kabla ya kompyuta, na sahihisho kubwa kuliko yote lilitolewa Tabora.

Katika miaka ya 1855 na 1856 wasomaji wa Ulaya waliletewa ramani ya Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, wamisionari wa karibu na Mombasa. Erhardt alikuwa amekaa Tanga akiwahoji watu wa misafara. Walioanzia Tanga, walioanzia Bagamoyo na walioanzia Kilwa walisema jambo moja: safari yao hukomea kwenye maji makubwa. Miisho hiyo mitatu ikaunganishwa kwa mstari mmoja, likatokea ziwa moja kubwa ajabu, Bahari ya Unyamwezi, lenye sura ya koa.

Watu wa misafara hawakudanganya. Maji yalikuwepo kweli mwisho wa kila njia. Kosa lilikuwa katika mistari iliyopita kati ya nukta. Umbali nao ulijulikana kwa siku za kutembea, na atakayekosea mwendo wa siku moja ataikuza au kuipunguza ramani nzima bila kuharibu sura yake. Kosa la sura ni zito zaidi, kwa kuwa hakuna namba ya kulirekebisha. Anahitajika mtu anayeijua nchi.

Mtu huyo alikuwako Kazeh, ilipo Tabora ya leo. Richard Burton na John Hanning Speke walifika hapo tarehe 7 Novemba 1857, wakakaribishwa na Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu. Yeye ndiye aliyewaeleza kuwa maji hayo ni maziwa matatu: Nyasa upande wa kusini, Tanganyika magharibi, na Ukerewe kaskazini, kubwa kupita Tanganyika. Jina lake linastahili kutajwa kila yanapotajwa majina ya wageni wake. Februari 1858 wageni hao walifika ziwa Tanganyika huko Ujiji. Julai Speke akatoka Kazeh bila Burton kuelekea kaskazini, na mwanzoni mwa Agosti akayatazama maji ya Ukerewe kutoka Mwanza. Akayapa jina la Malkia Victoria.

Safari hiyo aliona ukingo mmoja tu, hivyo ubishi kama ni ziwa moja au maziwa kadhaa ukaendelea hadi 1875, Henry Morton Stanley alipolizunguka kwa mashua na kuthibitisha kuwa ni ziwa moja.

Kazi hizo mbili, ya ukubwa na ya sura, baadaye zilihamia kwenye kompyuta: mwaka 1963 Ivan Sutherland alionyesha huko Marekani programu ya Sketchpad, iliyowezesha maumbo kuchorwa na kubadilishwa kwenye skrini. Anayechora Ziwa Victoria leo hukokota pembe ya umbo kulikuza, akilinda uwiano wa urefu na upana. Ghuba ya Mwanza huirekebisha nukta kwa nukta. Unene wa mstari huamuliwa peke yake: ukikuzwa pamoja na umbo, mstari wa pwani unaweza kuuziba mlango mwembamba wa maji kati ya kisiwa cha Ukerewe na bara, na kisiwa hicho kikaonekana rasi.