Hifadhi ya Bahari Mafia: Tulikotoka na Kilichobaki



Sisi tuliotoka visiwani tukaweka makazi hapa Mtoni huulizwa mara kwa mara: hifadhi ile ni ya wananchi au ya Serikali? Jibu limo katika historia.

Mwaka 1975 Serikali ilitangaza maeneo kadhaa ya bahari kuwa tengefu, yakiwemo Ghuba ya Chole na Mwamba wa Kitutia. Usimamizi haukufuata. Tangazo likabaki kwenye karatasi, huku baruti ikiendelea kuvunja matumbawe.

Ndipo ikaja Sheria Na. 29 ya 1994 ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Iliipa halmashauri ya kijiji haki ya kushiriki katika kutunga kanuni, kugawa kanda na kuandaa mpango wa usimamizi. Mwaka 1995 Mafia ikawa na hifadhi ya bahari ya kwanza nchini, yenye kilomita za mraba 822. Utende, Chole, Juani, Jibondo na vijiji vingine vimo ndani yake, na watu wanaendelea kuishi humo.

Ushirikiano huo una gharama. Wavuvi wetu walitakiwa kuacha kokoro, na baadhi ya miamba waliyovua babu zao ikafungwa. Kwa upande wa pili, mgeni anayekuja kuzamia hulipa kiingilio, na sehemu ya mapato hurudi vijijini.

Hapo ndipo ubia unapopimwa. Kijiji kisichojua shilingi ngapi zimeingia na zimefanya nini hakiwezi kujiita mbia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila miezi mitatu kwa mujibu wa sheria. Hesabu zisomwe pale, zibandikwe kwenye ubao, na mama anayelima mwani aweze kuuliza na kujibiwa sawa na mwenye jahazi.

Kwa hiyo harambee ya mwaka huu tunaielekeza kwenye mafunzo ya utunzaji wa vitabu vya fedha kwa kamati za vijiji vilivyomo hifadhini, pamoja na daftari na mbao za matangazo. Tunaomba kila mmoja achangie kadiri ya uwezo wake. Kila mchango utakatiwa stakabadhi, na mapato na matumizi yatasomwa mbele yenu kwenye mkutano mkuu wa mwaka. Tukiwadai wengine hesabu, tuanze na zetu.