Shukrani Kabla ya Amani: Habari za Martin Rinkart wa Eilenburg

Kuna wimbo wa Kijerumani uitwao "Nun danket alle Gott" ambao huimbwa katika makanisa ya Kiprotestanti karibu ulimwenguni kote, na jina lake ni mwito kwa watu wote kumshukuru Mungu. Mtungaji wake ni Martin Rinkart, mchungaji wa mji mdogo wa Eilenburg katika nchi ya Saxony. Masimulizi yaliyoenea yasema kwamba aliutunga ili kusherehekea amani ya Westphalia, iliyotiwa sahihi Oktoba 1648 na kuvikomesha Vita vya Miaka Thelathini. Masimulizi hayo ni mazuri, walakini si ya kweli. Johann Crüger, mwalimu wa uimbaji huko Berlin, alikwisha kuupiga chapa pamoja na sauti zake mwaka 1647, na wataalamu wengi huamini kuwa ulikuwamo katika kitabu cha Rinkart mwenyewe kilichotoka Leipzig mwaka 1636.

Huenda msomaji akaona kwamba hili ni jambo dogo, la kuwashughulisha wapenda tarehe tu. Mimi naliona kuwa ndiyo roho ya habari nzima. Kama wimbo ulitungwa baada ya amani, basi shukrani yake ni ile ambayo kila mkulima huitoa mvua ikisha kunyesha. Kama ulitungwa kabla, hatuna budi kuuliza mtu yule alikuwa akishukuru kitu gani.

Rinkart alizaliwa Eilenburg mwaka 1586, mwana wa fundi wa mapipa. Akasoma Leipzig katika shule ya Mtakatifu Thomas, ambako vijana walifunzwa kuimba sawasawa na walivyofunzwa Kilatini. Mwaka 1617 alirudi mjini kwao kuwa mchungaji, na mwaka uliofuata vita vikaanza. Alitumika pale miaka 32, na katika hiyo miaka 30 ilikuwa ya vita. Majeshi yalipita na kurudi, askari wakalazwa nyumbani mwake, wakala akiba yake.

Eilenburg ulikuwa mji wenye boma, na kwa sababu hiyo wakimbizi wa vijijini waliujaa. Mahali palipojaa watu wenye njaa, tauni haikawii. Ilikuja mwaka 1637. Mkuu wa wachungaji aliondoka. Wengine wawili wakafa, na Rinkart ndiye aliyewazika. Tangu hapo alikuwa peke yake, akisoma sala za maziko ya watu 40 au 50 kwa siku moja. Yahesabiwa kwamba kwa jumla aliwazika watu wapatao 4,480. Mkewe alikuwa mmoja wao. Hatimaye maiti zilizidi, zikawa zatiwa katika mahandaki bila ya ibada yo yote. Baada ya tauni ikaja njaa kali, hata watu wakapigania mzoga wa paka au wa kunguru njiani. Rinkart alitoa alichokuwa nacho, kisha akaweka rehani mapato yake ya miaka ijayo apate mkate na nguo za watoto wake.

Mwaka 1639 walifika Waswidi. Hawa walikuwa Waluteri kama yeye, lakini mtawala wa Saxony alikuwa amepatana na Kaisari mwaka 1635, na udugu wa imani haukufaa kitu mbele ya siasa. Jemadari wao alitaka mji ulipe thaler 30,000. Rinkart alikwenda kumsihi, akakataliwa. Waswahili husema dua la kuku halimpati mwewe. Safari hii lilimpata. Yasimuliwa kwamba alirudi kwa watu wake, akawaambia kuwa kwa wanadamu hawakupata huruma, basi wamwendee Mungu. Wakapiga magoti, wakaomba na kuimba mpaka jemadari mwenyewe akalegea. Mwisho mji ulilipa florin 2,000.

Sasa turudi kwenye wimbo. Katika kitabu chake aliupa kichwa cha sala fupi ya mezani: ulikuwa wa kuimbwa na watoto baada ya kula. Maneno yake aliyajenga juu ya mlango wa 50 wa Yoshua bin Sira, kitabu ambacho Waluteri hawakihesabu pamoja na Maandiko yenyewe, ingawa hukisifu kuwa chafaa kusomwa. Ubeti wa kwanza ni wa kushukuru. Wa pili huomba moyo wa furaha, amani, na kuokolewa katika dhiki. Hapa yaonekana kwamba Rinkart hakujifanya kana kwamba dhiki haipo. Aliitaja, akaiweka mahali pa pili. Mtume Paulo, naye kifungoni, alipowaandikia Wafilipi wasijisumbue alifuata njia hiyo hiyo: haja zao wazipeleke kwa Mungu, pamoja na kushukuru.

Wako watakaosema kuwa shukrani ya namna hii humfunga mdomo anayeonewa. Hofu hiyo ina haki yake, maana wakubwa wengi wamewahubiria maskini kushukuru ili wasidai. Lakini mtu huyu alikopa, akazika, akakabili jemadari. Sioni kwamba shukrani ilimpunguzia kazi. Yamkini ndiyo iliyomzuia asikimbie kama mkubwa wake.

Baadaye wimbo ulipata mabwana wengine. Desemba 1757 askari wa Prussia waliuimba usiku uwanjani Leuthen, baada ya kuwashinda Waaustria, kati ya maiti na majeruhi. Huo ulikuwa ushindi ukijishukuru. Mwaka 1955 uliimbwa Friedland na wafungwa wa vita waliotoka Urusi, nao labda walimkaribia zaidi mtungaji. Aidha, Eilenburg ni mwendo wa kilomita ishirini na kitu tu kutoka Leipzig, na ni Misheni ya Leipzig iliyofika Kilimanjaro mwaka 1893 na nyimbo za Kiluteri za zamani zile.

Rinkart mwenyewe hakuionja sana amani. Alifariki Eilenburg Desemba 1649, miezi 14 tu baada ya mkataba.