Kibarua wa miaka kumi

Neno "kibarua" maana yake ni barua ndogo tu. Karne ya 19, Zanzibar na hapa Mombasa, mtumwa aliyekodishwa kwa kazi ya siku alikuwa akipewa kijikaratasi cha kuonyesha kwamba amefanya kazi. Jioni alilipwa, na sehemu ya pesa ikaenda kwa bwana wake. Utumwa ulipigwa marufuku pwani ya Kenya mwaka 1907, lakini jina la karatasi lilishamganda mtu.

Nalitaja hili, ndugu wasomaji, kwa sababu sisi wa kompyuta hupenda kudhani kwamba mambo ya "kontrakta" yalianza na makampuni ya programu. Wapi! Toka Kiembeni, vuka daraja la Nyali, fika Kilindini. Hapo swali hili lilipiganiwa kabla babu zetu wengi hawajaiona hata taipureta.

Bandarini makuli waliandikwa kwa siku. Meli zikiwa nyingi waliitwa wengi, zikikosekana walirudi nyumbani mikono mitupu. Mtu angeweza kusimama kwenye geti lile lile miaka kumi, na kila asubuhi kwenye karatasi alikuwa mgeni. Akiugua, shauri yake. Nyumba ya kampuni hakuna, likizo hakuna.

Lakini tusiwaonee huruma upesi. Wengi wao, hasa Wamijikenda waliokuwa na mashamba si mbali na mji, waliupenda mpango huo. Unafanya kazi siku unazotaka, msimu wa kulima unakwenda kulima. Tena kulikuwa na siri moja ya kisheria ambayo mimi huiona tamu sana. Mfanyakazi wa mwezi akiacha kazi aliweza kushtakiwa kwa kuvunja mkataba, na adhabu ikawa faini au jela. Kibarua hana mkataba wa kesho. Asipotokea kesho amevunja nini?

Makuli waliielewa siri hiyo vizuri. Waligoma 1934, wakagoma tena Agosti 1939 wakati mji mzima ulikuwa ukilalamikia kodi za nyumba. Halafu tarehe 13 Januari 1947 wakagoma pamoja na watu wa reli, wa mahoteli na hata watumishi wa majumbani, wafanyakazi kama 15,000 hivi, kwa siku 12. Walikutana Kiwanja cha Maskini, na hapo kikazaliwa chama cha African Workers' Federation. Rais wake, Chege Kibachia, alikamatwa Agosti mwaka huo huo akahamishiwa Baringo.

Serikali ya mkoloni ikajifunza somo lake. Ilitaka makuli wachache, wanaojulikana kwa majina na namba, wenye kitu cha kupoteza. Katika miaka ya 1950 wakaanza kusajiliwa. Aliyesajiliwa alitakiwa kutimiza idadi fulani ya zamu kila mwezi, na asipotimiza alifutwa. Polepole kazi ya siku ikawa kazi ya mwezi. Mishahara ilipanda, na chama cha makuli kikapata nguvu ya kujadiliana (Tom Mboya mwenyewe alishuka Mombasa wakati wa mgomo wa 1955). Mwanahistoria Frederick Cooper aliandika kitabu kizima juu ya mabadiliko haya, mwaka 1987. Ukikisoma utaona kwamba marupurupu hayakuja kama sadaka. Yalikuja pia kama kamba ya kumfunga mtu. Na waliobaki nje ya orodha walibaki nje kweli kweli.

Sasa ruka mpaka Marekani. Miaka ya 1980 Microsoft ilikuwa na waandishi wa miongozo na wajaribu programu walioitwa "huru". Walikaa miaka, kwenye timu zile zile, chini ya mabosi wale wale. Mwaka 1990 idara ya kodi ikasema hawa ni waajiriwa kama wengine. Wao wakaenda mahakamani 1992 kudai haki ya kununua hisa kama wenzao. Walikuwa wametia sahihi kwamba hawastahili marupurupu yoyote, lakini mahakama ya rufaa ikatazama kazi badala ya sahihi. Desemba 2000 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 97. Mwaka huo huo ikaweka kanuni mpya: kibarua wa wakala akimaliza siku 365, akae nje siku 100. Umeona? Dawa ya sheria ya muda ni kukata muda.

Kwetu, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo siku zinazofikia mwezi mmoja, au kazi ambayo haitarajiwi kuisha kwa jumla ya miezi mitatu, anahesabiwa kuwa mfanyakazi wa mwezi. Ndiyo maana utasikia mtu ameambiwa "pumzika kidogo" siku chache kabla ya mwezi kutimia, kisha anaitwa tena. Hiyo si bahati mbaya.

Na wakala akisimama katikati? Mwaka 2023 wasimamizi wa maudhui zaidi ya 180 waliofanya kazi Nairobi kupitia Sama waliishtaki Meta. Meta ikajibu kwamba hao si watu wake. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa hapa Kenya.

Kama uko katika hali hii, soma pia kifungu cha 10(7). Mwajiri akishindwa kuleta mkataba wa maandishi mahakamani, mzigo wa kuthibitisha masharti unayodai, au kuyakanusha, ni wake. Kwa hiyo weka barua pepe za kazi, weka ujumbe wa M-Pesa wa kila malipo, na uandike tarehe uliyoanza.