Rosine Krapf na Sala Iliyofika Bweni

Mtumishi afikaye Bweni, kaskazini mwa kisiwa cha Mafia, huwakuta Wakristo wachache, na huenda akaona historia ya Kanisa ilipapita kando. Ataonyeshwa mnara wa taa wa Ras Mkumbi, uliojengwa na Wajerumani mwaka 1892. Sisi twaona kiungo cha kale zaidi.

Ludwig Krapf, Mlutheri wa Württemberg aliyetumwa na chama cha CMS, alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine. Tarehe 8 Juni alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo akisaidiwa na kadhi wa mji, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Mwezi uliofuata homa iliwalaza mume na mke. Rosine, ambaye mtoto wake wa kwanza alizikwa Uhabeshi, alijifungua binti, akafariki tarehe 13 Julai. Binti akamfuata baada ya siku chache. Krapf mwenyewe aliweza kwa shida kuinuka kitandani ahakikishe ya kuwa mkewe amekufa kweli.

Wahubiri wetu huiharakia barua yake kwa CMS, iliyolitaja kaburi hilo kuwa ishara ya vita vilivyoanza. Twapenda kukaa kwanza kitandani pa Rosine. Wazo la kufa lilimwia chungu. Ndipo, ndani ya uchungu huo, akapata faraja katika Bwana. Akawaombea jamaa zake, Afrika Mashariki, na Seyyid Said, ambaye Mafia nayo ilikuwa chini ya utawala wake.